Muulize Fundi: Vijidudu Ndani ya Dakti

Tangu tuandike habari za viyoyozi toleo lililopita, maswali ya dakti yamezidi ya kitu kingine chochote na mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyachambua nikabakisha haya. Kwa wageni wa safu hii, dakti ni yale mabomba makubwa yanayopita juu ya dari kupeleka hewa vyumbani na kuirudisha kwenye mashine, mengine ya bati, mengine ya faibaglasi, mengine yale laini yanayojikunja. Haya twende.

Fundi habari ya kazi. Nasimamia jengo la ofisi, AC ni ya pamoja, mashine moja kila ghorofa na dakti juu ya dari. Wafanyakazi wanalalamika mafua na kikohozi haviishi, na grili za hewa zimezungukwa na weusi kwenye dari. Imekuja kampuni inasema dakti zimejaa bakteria, wanataka kupuliza dawa ndani usiku mmoja tu na tatizo limeisha. Niwape kazi?
*Msimamizi wa jengo*

Nzuri ndugu yangu. Usisaini kitu kwanza.

Kuna jambo moja ukilielewa hapa nusu ya maswali ya leo yamejibika: kijidudu hakikai kwenye dakti kikastawi eti kwa sababu kuna giza au vumbi, kinastawi kwa sababu kuna maji. Kwenye bati kavu lenye vumbi kavu fangasi hawaoti na bakteria hawazaliani. Na virusi vya mafua ndio kabisa, hivyo havizaliani popote nje ya mwili, vinatoka kwa mtu anayekohoa meza ya tatu pale, dakti inachofanya ni kuvizungusha kama inarudisha hewa ile ile bila kuichuja. Sasa huyu wa dawa hajakuuliza maji yako wapi wala hewa ya nje inaingia kiasi gani, karuka moja kwa moja kwenye kupuliza, na mimi mtu akiniletea dawa kabla hajafungua mashine namwona mfanyabiashara tu.

Tuanze na ule weusi. Mara nyingi haujatoka ndani ya dakti kabisa. Hewa ikitoka kwa kasi kwenye grili inavuta na hewa ya chumba iliyo pembeni yake, ile ina vumbi la zulia na nguo na karatasi, linagonga dari pale pale linaganda, na grili ikiwa baridi kupita kiasi inatoa jasho, vumbi linashika zaidi na hapo fangasi wanapata pa kuanzia. Futa kwa kitambaa chenye sabuni uone unarudi kwa kasi gani. Halafu fungua skrubu, shusha grili, ingiza mkono wenye simu, washa flashi upige picha kuelekea ndani pande zote. Ukiona utando mwembamba wa kijivu, hiyo kawaida, kila dakti inao. Ukiona madoa ya kijani au meusi yenye manyoya manyoya, au alama za maji yaliyotiririka, au vumbi limejazana mpaka linadondoka, hapo una kesi.

Ukishapiga picha nenda kwenye mashine yenyewe maana huko ndiko uchafu unakoanzia. Zima swichi kuu, fungua mlango, mulika koili ya baridi na trei iliyo chini yake. Koili inatoa jasho muda wote ikifanya kazi, hayo maji yanatakiwa yateremke kwenye trei, trei iwe na mteremko, yatoke kwenye bomba lake yaishe, lisibaki dimbwi. Sasa angalia kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka: mashine nyingi feni yake iko nyuma ya koili, inavuta, kwa hiyo pale kwenye trei kuna mvuto, na kama bomba la kutolea maji halina ile kona ya U yenye maji ndani, hewa inapanda kupitia bomba hilo hilo na kuyazuia maji kushuka, yanasimama kwenye trei, yanaota utelezi wa kahawia unaovutika kama kamasi, na feni inayarusha matone mpaka ndani ya dakti. Nyie mnapuliza dawa kule mbele, huku nyuma kiwanda kinaendelea. Wiki chache mmerudi pale pale.

Na hiyo dawa yenyewe, ikipulizwa juu ya vumbi inaua cha juu tu, chini yake pako salama salimini, na fangasi aliyekufa bado anawasha pua na kifua cha mwenye aleji kwa hiyo kumuua bila kumtoa hakusaidii kitu. Asubuhi wafanyakazi wako watavuta mabaki ya kemikali. Klorini inakula koili ya alumini na mabati. Wakikuletea mashine ya ozoni wafukuze kabisa, ozoni kwa kiwango cha kuua vijidudu ni kiwango kinachoumiza mapafu ya mtu. Hata shirika la mazingira la Marekani, EPA, msimamo wake ni kwamba haijathibitika kuwa kusafisha dakti kunazuia magonjwa, wanashauri usafishe ukiona fangasi kwa macho, au kuna panya na wadudu ndani, au vumbi limeziba mpaka linapulizwa vyumbani. Basi.

Ikifika hapo kweli, kazi nzuri ni ya kutoa uchafu, sio ya kunyunyiza. Wanafunga mashine kubwa ya kufyonza yenye filta ya HEPA, ile inayokamata chembe ndogo kabisa, upande mmoja ili dakti nzima iwe inavutwa, halafu wanaingiza brashi au hewa ya kompresa kuusukuma uchafu kuelekea huko, wanakata vidirisha vya kuingilia na kuviziba vizuri baadae, na wanakupa picha za kabla na baada ya sehemu zile zile. Koili, trei na mabapa ya feni lazima viwemo kwenye kazi hiyo hiyo, tena vitangulie, anayekwambia nasafisha dakti tu mwambie aende. Tahadhari moja: kama dakti imewekewa faibaglasi kwa ndani na ikalowa au ikaota fangasi, hiyo haisafishiki, inakatwa inatupwa inawekwa mpya. Zile laini zinazojikunja nazo brashi inazichana, mara nyingi kubadilisha ni nafuu.

Kuhusu kikohozi cha watu wako, mwambie fundi apime hewa ya nje inayoingia. Majengo mengi dampa ya hewa ya nje, yaani kile kilango cha kuiruhusu au kuizuia, ilifungwa na mtu aliyetaka kupunguza bili ya umeme na hajawahi kurudi kuifungua. Tafuta kipima kaboni dioksaidi, nje utaona kama 400 na kitu, ndani ikipita 1000 ofisi ikiwa imejaa ujue mnavuta pumzi za wenzenu.

Shikamoo fundi. Nimesoma kuhusu ugonjwa unaoitwa Legionnaires kwamba unatoka kwenye AC na unaua. Nyumbani tuna AC ya ukutani na mama yangu ni mzee ana pumu. Tuizime?
*Binti mwenye wasiwasi*

Marahaba binti. Msiizime, huo ugonjwa hauko kwenye AC yenu.

Jina lilitokana na mkutano wa maveterani wa American Legion, Julai 1976, hoteli ya Bellevue-Stratford huko Philadelphia. Wajumbe zaidi ya 180 waliugua nimonia na 29 wakafa, na miezi ikapita hakuna anayejua ni nini, mpaka Januari 1977 watafiti wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, walipomkamata bakteria mwenyewe, wakamwita Legionella. Huyu anaishi kwenye maji, anapenda vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na mtu anaugua akivuta ukungu wa matone yenye maji hayo. Kwenye hoteli ile mnara wa kupozea ndio uliotiliwa shaka. Ile ni mitambo mikubwa ya juu ya paa inayopooza majengo kwa kumwaga maji mbele ya feni, inarusha ukungu hewani, na tundu la hewa ya nje la jengo likiwa karibu linauvuta ndani.

AC ya nyumbani haipoozi kwa maji, inatumia gesi ndani ya mabomba, haya maji unayoyaona yanadondoka nje ni jasho tu la baridi. Kwa mama mimi ningeangalia zaidi vumbi na fangasi kwa ajili ya pumu, na kama mna tanki la maji ya moto lisiwekwe vuguvugu, liwe nyuzi 60 ndani ya tanki (angalieni tu asiungue kwenye bomba la kuogea).

Ila wewe msomaji mwenye jengo lenye mnara wa kupozea, hili lako. Maji yale yanatakiwa dawa na vipimo kwa ratiba, na mtu mwenye jina lake kwenye daftari. Hapo siyo pa kubana matumizi.

Asubuhi tukiwasha AC ofisini inatoka harufu ya soksi chafu dakika kama kumi halafu inaisha. Tumeweka manukato kwenye grili, bado.
*Tumechoka*

Toeni hayo manukato. Hiyo harufu ni utando wa bakteria na fangasi kwenye koili, usiku inakaa na unyevu, asubuhi feni inakuja inaipuliza yote kwa pamoja. Koili ioshwe kwa sabuni maalum ya koili isiyo na asidi kali, kutoka pande zote mbili, halafu isuuzwe sana na trei isuguliwe. Sio kupuliza mbele tu na kufunga mlango.

Alafu angalieni mpangilio wa feni kwenye thermostati. Watu wanaiweka iwake muda wote wakidhani hewa inakuwa safi zaidi, sasa mahali penye unyevu mwingi kompresa (ile pampu ya gesi ya AC) ikipumzika na feni ikaendelea, maji yaliyokuwa kwenye koili hayateremki tena, yanakauka kwa kurudi ndani ya dakti na vyumbani. Kwa hali hiyo iwekeni feni izime pamoja na kompresa. Jengo kubwa linalotegemea feni kuleta hewa ya nje hili haliwezi, hao inabidi unyevu wadhibiti kwa njia nyingine. Kingine ni AC kuwa kubwa kuliko chumba, inapooza haraka inazima kabla haijakamua unyevu, mnabaki na chumba cha baridi na majimaji. Nunueni kipima unyevu, ni kidude kidogo tu, kisizidi asilimia 60, na mkikiona kati ya 30 na 50 mko vizuri.

Nimeona matangazo ya taa za UV za kuweka ndani ya dakti, wanasema zinaua asilimia 99.9 ya virusi. Ni kweli au wanatupiga?
*Mdadisi*

Kweli nusu, kupigwa nusu.

Mionzi ya UV ya nanomita 254 inaua vijidudu, hilo halina ubishi na ushahidi wake mzuri unatoka kwenye dakti kabisa. Miaka ya 50 mwishoni kwenda 60, Baltimore, William Wells na Richard Riley walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu wakaipitisha kwenye dakti mpaka kwenye vyumba walivyofugia simbilisi. Wale waliopokea hewa hiyo kama ilivyo wakawa wanaambukizwa mmoja baada ya mwingine. Wale ambao hewa yao ilipigwa UV njiani, hawakuambukizwa. Na hivyo ndivyo dunia ilivyopata uthibitisho kwamba TB inasafiri kwa hewa, maana kabla ya hapo madaktari walikuwa wanabishana.

Sasa kwa nini nasema nusu. UV ni suala la dozi, nguvu ya taa mara muda ambao kijidudu kinakaa mbele yake. Koili haiendi popote, ukiiwekea taa inayowaka saa 24 inapata dozi kubwa mno na utelezi hauoti tena, hiyo ni kazi nzuri na mimi naipendekeza kwenye majengo yenye unyevu. Hewa yenyewe inapita mbele ya taa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kuua kilichomo inahitaji taa nyingi zenye nguvu zilizopigiwa hesabu kwa kasi ya hewa hiyo, sio kijiti kimoja cha kubandika kwa sumaku. Ile asilimia 99.9 muulize muuzaji: kwa kasi gani ya hewa, na ilipimwa ndani ya dakti au ndani ya kisanduku? Akianza kukuonyesha vyeti badala ya kujibu, ondoka.

Taa nayo inachoka ingawa macho yanaona bado inawaka bluu, nyingi baada ya mwaka hivi wa kuwaka mfululizo nguvu imeshuka, ibadilishwe. Inaozesha plastiki na dakti laini ikizipiga moja kwa moja. Na mlango wa mashine lazima uwe na swichi ya kuizima ukifunguliwa, mionzi hiyo inaunguza macho na ngozi.

Filta zenye namba kubwa si ndio bora? Niweke HEPA kwenye mashine ya zamani?
*Fundi umeme*

HEPA hapana kaka. Inakamata asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3 ndio, lakini ni nzito kwa hewa, feni ya kawaida haitaweza kuisukuma, hewa itapungua, koili itaganda barafu, utaitwa usiku.

Lengo la majengo ya kawaida ni MERV 13 (MERV ndiyo namba ya uwezo wa filta kukamata chembe) kama feni inaimudu. Hiyo inakamata angalau nusu ya chembe za maikroni 0.3 mpaka 1, asilimia 85 ya zile za 1 mpaka 3 na 90 ya zile za 3 mpaka 10, na chembe zinazobeba TB zikielea nyingi ziko kati ya 1 na 5 kwa hiyo unaona tayari unafanya kazi kubwa. Feni ikishindwa, shuka mpaka inapoweza.

Lakini kabla ya namba angalia fremu. Chomoa filta iliyotumika, ukiona mistari myeusi kwenye kingo za reli au uchafu umepita pembeni yake, hewa inakwepa, maana yenyewe inatafuta penye wepesi, na nafasi ya upana wa kidole inatosha kuiharibu filta ya bei kubwa. Weka gasketi, ziba. Angalia mshale wa mwelekeo wa hewa, nimeona zimewekwa kinyume na watu wenye uzoefu. Na filta ikilowa haifai tena, hata kama jana ndio ilinunuliwa. Ukibadilisha zima mashine, ile chafu itie kwenye mfuko pale pale, usiikung'ute.

Mimi sina dakti, nina split tu sebuleni na darasani kwangu. Si niko salama?
*Mwalimu*

Uko salama na fangasi wa dakti, mwalimu, lakini split haileti hewa mpya hata tone. Inachukua hewa ya chumba, inaipooza, inairudisha. Januari 2020 huko Guangzhou, China, kwenye mgahawa mmoja, mgonjwa mmoja wa korona alikaa na familia yake, na meza mbili jirani zilizokuwa kwenye mkondo wa kiyoyozi kile kile wakaambukizwa, jumla watu 10 wa familia tatu. Waliochunguza walikuta feni za kutolea hewa nje zilikuwa zimezimwa. Darasani fungua madirisha mawili yanayotazamana hata kidogo tu AC ikiwa inawaka, umeme utapanda kidogo, vumilia. Vile vichujio vya plastiki vya split vioshe kwa maji, lakini usitegemee vinakamata kijidudu, vile ni vya manyoya na vumbi.

Njiwa wamejenga kwenye tundu la hewa ya nje juu ya paa, na kwenye dakti tumekuta kinyesi cha panya. Kijana wetu wa usafi anataka kufagia.
*Kamati ya jengo*

Mzuieni sasa hivi kabla hajagusa fagio! Kufagia kikavu ndio kunarusha kila kitu hewani. Mkojo na kinyesi cha panya wa aina fulani hubeba virusi vya hanta, na kinyesi cha njiwa kikikauka kinaweza kuwa na fangasi aina ya Cryptococcus, vyote hivi mtu anaugua kwa kuvuta vumbi.

Zimeni mashine. Avae glavu na barakoa ya N95, sio ya kitambaa. Alowanishe kinyesi kwa dawa, klorini ya maji ya kufulia, sio ya unga, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa inatosha kwa sehemu ya kufikika ya nje (ndani kwenye koili msiimwage, nimeshasema), asubiri dakika tano, afute kwa karatasi za kutupa, atie kwenye mifuko miwili. Kilicho ndani kabisa ya dakti waachieni wenye mashine ya kufyonza. Halafu ndio mzibe: wavu wa chuma wenye matundu madogo kwenye tundu la hewa, na panya wana njia yao, itafuteni, mara nyingi ni pale bomba au waya zilipotoboa ukuta na hakuna aliyeziba. Mkiwa huko juu angalieni pia tundu hilo liko mbali kiasi gani na bomba la kutolea moshi wa jenereta na hewa ya vyoo. Nimeona vikiwa vimekaa kama majirani.

Nakaa apatimenti, feni ya choo inatoa hewa kwenye dakti ya pamoja ya jengo zima. Nikiwasha nasikia harufu ya maji machafu. Hii si hatari?
*Ghorofa ya saba*

Swali zuri sana hili na watu hawalifikirii.

Feni ya choo ikivuta lazima hewa itoke mahali. Mlango ukiwa umefungwa na chini yake hakuna nafasi, itavuta kutoka kwenye tundu la maji la sakafuni. Lile tundu lina kona ya U chini yake ambayo inatakiwa ijae maji kuzuia hewa ya bomba la maji machafu, na kama hukuoga pale wiki kadhaa, au unapiga deki tu bila kumwaga maji, yale maji yanakauka na njia inakuwa wazi. Machi 2003 wakati wa mlipuko wa SARS, ugonjwa wa mapafu wa virusi vya jamii ya korona, huko Hong Kong kwenye majengo ya Amoy Gardens, watu zaidi ya 300 waliambukizwa. Maelezo yaliyotolewa na mamlaka ya afya ni haya haya: kona za U zilizokauka, mgonjwa mwenye kuharisha anatumia choo, feni za vyoo zinavuta matone kutoka kwenye bomba la pamoja na kuyatupa kwenye uwazi wa katikati ya jengo, yakapanda kwenye nyumba nyingine.

Wewe leo mwaga maji kwenye kila tundu la sakafu, kila wiki moja rudia, kwa tundu usilolitumia ongeza mafuta kidogo juu ya maji yasikauke haraka. Acha nafasi chini ya mlango wa choo. Na kwenye dakti ya pamoja, uliza kama feni yako ina kifuniko cha kuzuia hewa kurudi, kile kinachojifunga feni ikizima. Kikiwa kimekwama na vumbi, hewa ya choo cha jirani inaingia kwako kila akiwasha yake. Washa feni yako, weka kipande cha tishu kwenye grili yake, kishike chenyewe. Zima, tishu idondoke. Ukiona inapeperuka kuja upande wako, umempata.

Fundi, chumba chetu cha wagonjwa wa TB tumeambiwa kiwe na mvuto. Nitajuaje kama bado kinavuta?
*Nesi*

Tishu hiyo hiyo dada, nje ya mlango chini kwenye uwazi, mlango ukiwa umefungwa. Inatakiwa ivutwe kuingia ndani. Ikisukumwa kuja nje, toa taarifa siku hiyo hiyo, usisubiri kikao. Hewa ya chumba hicho itoke moja kwa moja nje ya jengo, isirudi kwenye dakti za wodi nyingine isipokuwa imepita HEPA, na vyumba vipya vya aina hii vinatakiwa hewa ibadilike mara 12 kwa saa. Chumba cha upasuaji ni kinyume chake, kinasukuma.

Dakti zisafishwe kila baada ya muda gani?
*Wengi*

Trei na bomba la maji mwezi hadi mwezi kipindi cha joto, filta kila ikionekana imejaa au geji ya mgandamizo ikipanda, koili angalau mara moja kwa mwaka. Dakti yenyewe sikupi tarehe, kagueni kila mwaka kwa picha, zikiwa kavu na safi ziacheni. Kitu kimoja cha haraka: maji yakivuja darini juu ya dakti mna saa 24 mpaka 48 kukausha kila kilicholowa kabla fangasi hawajaanza, hiyo haisubiri mkandarasi wa wiki ijayo.

Nimeanza kazi ya kusafisha dakti. Jengo ni la zamani sana na dakti zimefungwa kitu cheupe kinachomenyeka kama karatasi ngumu. Nivae nini?
*Fundi mpya*

Usivae chochote, usikiguse! Majengo ya zamani yalitumia asbesto kufungia dakti na kwenye viungo vyake, haionekani tofauti kwa macho, na brashi moja tu inajaza nyuzi kwenye jengo zima, nyuzi zinazoleta saratani ya mapafu miaka mingi baadae. Usikate, usipige mswaki, usiwashe hata mashine. Mwambie mwenye jengo sampuli ichukuliwe na wenye ujuzi ipelekwe maabara, majibu yakija hamna asbesto unaendelea na glavu, miwani na barakoa yako kama kawaida. Yakija ipo, hiyo ni kazi ya watu wenye vibali vyake, na akikwambia "piga tu haraka haraka hakuna atakayejua" kusanya vifaa vyako.